Ndege Yupi, Ndege Ipi?

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyatwisha mizigo mingi bila ya kuyabadili umbo, neno ndege lina nafasi yake. Ndege ni kiumbe mwenye manyoya na mabawa. Ndege ni chombo cha kusafiria angani. Na kwa wazee wetu ndege ilikuwa pia dalili ya bahati, njema au mbaya, hata mtu aliyetoka nyumbani kwake asubuhi akakutana na la kumvunja moyo alisema amepata ndege mbaya. Kamusi huziorodhesha maana hizo moja chini ya nyingine, zikapewa namba, nasi tukaridhika kwamba kazi imekwisha.

Naona haijakwisha. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mtoto wa miaka miwili na nusu analielewa neno hili kwa namna ambayo kamusi haiwezi kuionyesha, na kwamba sisi tunaojiita wapenzi wa lugha twaupoteza uelewa huo kwa njia mbili. Kwanza, twamsahihisha mtoto kabla ya kumsikiliza. Pili, twampeleka kuona maajabu ya dunia tukiwa tumekiacha Kiswahili nyumbani, kama kanga ya kushindia isiyofaa kuvaliwa mbele za watu.

Nianze na sarufi, kwa kuwa ndiko ugomvi unakoanzia. Kila asomaye ukurasa huu anajua kwamba tofauti baina ya ndege wa mtini na ndege ya angani haiko katika nomino. Iko katika upatanisho. Ndege anaruka, ndege inaruka. Ndege wangu, ndege yangu. Ndege hawa, ndege hizi. Silabi moja tu hubeba tofauti baina ya chenye roho na kisicho roho. Tarehe 15 Januari 2009, mjini New York, kundi la bata bukini lilijipiga katika injini za ndege iliyokuwa ndiyo kwanza imepaa, nayo ikatua juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakaokoka. Mswahili anaweza kuisimulia habari hiyo kwa maneno matatu: ndege wameigonga ndege. Hakuna anayebabaika nani kamgonga nani. Viambishi vimeshasema.

Sasa mchukue mtoto mdogo umweke mbele ya jambo hilo. Nilifanya hivyo Jumamosi moja ya mwezi wa Januari, hapa Unguja, mimi na mjukuu wangu, tulipokwenda kushinda nje ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Hatukuwa na msafiri wa kumpokea wala wa kumsindikiza. Tulichukua chupa ya maji, ndizi mbivu, vitumbua vinne na mwavuli, tukakaa kivulini pale ambapo watu huwangoja wageni wao. Mlinzi mmoja alituuliza twamngoja nani, nami nikamjibu kwamba twangoja ndege. Alicheka akatuacha. Picha hatukupiga hata moja, maana uwanja wa ndege si mahali pa kupiga picha ovyo. Na mtoto wa umri ule hana haja ya picha.

Ya kwanza kufika ilikuwa Cessna Caravan, ile ndogo yenye rafadha moja puani, iendayo na kurudi Dar es Salaam kama daladala. Ilipozima injini na rafadha yake ikasita, mjukuu wangu alishusha sauti akaniambia: "Babu, ndege kalala." Baada ya muda ikawashwa tena. "Kaamka!" Ikatembea, ikakimbia, ikapaa. "Kaenda kwao."

Kalala, kaamka, kaenda. Mwalimu wa sarufi angeyapigia mstari mwekundu yote matatu. Lakini hebu tuitazame kanuni ambayo mtoto yule aliitumia, kwa kuwa aliitumia kanuni. Kiswahili kina sheria moja yenye nguvu kuliko umbo la nomino: chenye uhai hupata upatanisho wa a- na wa-, hata jina lake liwe na sura gani. Kwa hiyo twasema kifaru amelala, wala hatusemi kimelala. Twasema kiboko ameamka, wala hatusemi kimeamka. Mtoto ameshaikamata sheria hiyo. Alichokosa ni habari tu. Hajui bado kwamba kitu chenye pua, mabawa, tumbo na mkia, kinachonguruma, kinachokimbia na kuruka chenyewe, kinaweza kuwa hakina roho. Ukizihesabu dalili alizo nazo mbele yake, hukumu yake ni ya haki kabisa. Na viungo vyote hivyo nilivyovitaja, pua, bawa, tumbo na mkia, ni majina tuliyompa sisi wenyewe.

Sisi washairi tuna jina la kitendo hicho. Twakiita tashihisi, twakifundisha darasani, na mwanafunzi akikitambua katika mtihani hupewa alama. Mtoto wa miaka miwili na nusu akikifanya bila ya kufundishwa, twamwambia amekosea.

Hata hivyo sisemi kwamba aachwe na kalala yake mpaka aote ndevu. Lugha ina njia ya kumsahihisha mtoto bila ya kumkatiza, na njia hiyo niliiona siku ile ile. Juu ya uzio walikuwako kunguru, hawa kunguru wetu weusi wenye shingo za kijivu ambao wazazi wao waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, wakaja kuwa wengi kuliko tulivyotaka. Kunguru mmoja alikuwa akituvizia vitumbua. Wakati huo huo ndege nyingine ikawa inateremka, ATR ya rafadha mbili. Mtoto akanyosha kidole akapiga kelele: "Ndege!"

Nikamuuliza: "Yupi? Au ipi?"

Hapo ndipo nilipoiona hazina tuliyonayo. Sikuweza kumuuliza swali lile kwa Kiswahili bila ya kuchagua, na kwa kuwa sikujua anachokionyesha, ilinilazimu kuyatoa maswali mawili. Naye alinitazama, akamtazama kunguru, akaitazama ATR. Sijui alilolifikiri. Lakini baada ya hapo nilimjibu kila mara kwa neno lake nikilivisha upatanisho wake: "Naam, imelala." "Naam, imeamka." "Yule kala kitumbua chetu, ile imeondoka." Alasiri yake, bila ya kukaripiwa hata mara moja, alisema: "Ile imekuja." Asubuhi ya pili akarudia kusema kalala. Ndivyo watoto wanavyojifunza, huenda hatua mbili wakarudi moja, na hakuna sababu ya kuwakimbiza.

Washairi wenzangu watambue pia faida ya ufundi iliyomo humu. A-na-ru-ka, mizani nne. I-na-ru-ka, mizani nne. Na tukilikuza neno likawa dege, li-na-ru-ka, nne vilevile. Malenga anaweza kukitia kitu roho, kukiondolea roho, au kukifanya jitu la kuogofya, na asilipie mizani hata moja wala asiharibu kina. Sijui zawadi kubwa kuliko hiyo ambayo lugha ingeweza kumpa mshairi, nasi twaitumia kwa nadra.

Nije katika jambo la pili, la Kiswahili kuachwa nyumbani. Pale kivulini hatukuwa peke yetu. Wazazi kadhaa walikuwa na watoto wa rika la mjukuu wangu, watu wa Unguja na wa Bara, wakizungumza wenyewe kwa wenyewe Kiswahili kizuri. Lakini kila ndege ilipotokea, waligeuka wakawasemesha watoto wao Kiingereza: tazama kile, kinaitwa hivi, rangi yake ni hii, sema kwaheri. Ndege ilipopita wakarudi katika Kiswahili chao kuulizana bei ya samaki. Siwalaumu kwa kutaka watoto wao wajue Kiingereza. Nami nataka wangu akijue. Ninachokipinga ni mgawanyo ule. Mtoto anayejifunza kwamba kila kilicho kikubwa, kinachong'aa na kinachokwenda mbali kina jina la Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni cha kunguru, vitumbua na bei ya samaki, hatuwezi kumrudisha baadaye kwa hotuba za Julai 7, hata zikiwa tamu namna gani.

Na mgawanyo huo ni wa uongo, kwa kuwa mambo ya ndege yana msamiati wetu, na msamiati huo ni wa kale kuliko ndege zenyewe. Ulikuwapo baharini ukisubiri. Rubani alikuwa mjuzi wa kuongoza chombo mahali penye miamba na mikondo, kabla hajapanda angani. Abiria walikuwa watu waliovuka maji, nasi bado twasema kuabiri. Rafadha ilikuwa chini ya meli, ikizunguka majini, kabla haijawekwa puani mwa Cessna. Usukani ulikuwa nyuma ya jahazi, na leo uko nyuma ya ndege, katika mkia, ukifanya kazi ile ile ya kugeuza kichwa cha chombo. Shehena ni shehena. Chombo ni chombo. Neno kutua, ambalo wengine hudhani ni la viwanja vya ndege, ni la mchukuzi anayetua mzigo wake, la jua linapokuchwa, na la nyuni anapofika tawini. Mswahili alipoiona ndege mara ya kwanza hakukosa maneno. Lile eropleni tulilolikopa limebaki kwa wachache, na wengi wakarudi kwa ndege.

Wala si maneno tu yaliyohama kutoka baharini. Upepo nao ni ule ule. Ncha mbili za njia ya kurukia ndege ya hapa Unguja zina namba: 36 na 18. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizopunguzwa sifuri moja. 36 ni nyuzi 360, yaani kaskazini, na 18 ni nyuzi 180, yaani kusini. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huyapa mabawa nguvu ya kuinua na hufupisha mwendo unaohitajika ardhini. Basi katika miezi ya kaskazi, kuanzia Disemba hadi karibu na Machi, kwa kawaida ndege hutua hapa zikielekea kaskazini. Ukishaingia msimu wa kusi, hugeuka zikatua zikielekea kusini. Pale palipokuwa na mfuko wa kitambaa wa kuonyeshea upepo nilimwonyesha mjukuu wangu, nikamwambia: "Upepo ule ni kaskazi." Akasema: "Kaskazi." Ndilo neno lililowaleta watu wa Muscat na wa Hadhramaut katika pwani hii kwa mamia ya miaka, majahazi yao yakija na kaskazi na kurudi na kusi. Jahazi lilitaka upepo wa nyuma na ndege yataka wa mbele, lakini vyote viwili huuliza swali moja kabla ya kuondoka.

Mtoto hakuelewa hayo yote, na sikutarajia ayaelewe. Alielewa kwamba kitambaa kinacheza na kwamba kinachokichezesha kina jina. Hilo latosha kwa miaka miwili na nusu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni la haki. Mtu atasema: lugha ya anga duniani ni Kiingereza. Kweli. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka marubani na waongozaji wa ndege katika safari za kimataifa wawe na kiwango maalumu cha Kiingereza, ili rubani wa nchi yoyote aelewane na mnara wa nchi yoyote. Hiyo ni sheria ya usalama na sina ugomvi nayo. Lakini hiyo ni lugha ya kazi ya rubani. Nahodha wa zamani naye alikuwa na istilahi zake za nyota na kina cha maji ambazo mkewe hakuzijua, na hazikuwazuia watoto wake kuimba kuhusu bahari kwa lugha ya mama yao. Anayetaka mwanawe awe rubani atampatia Kiingereza cha mnara wakati wake ukifika. Akiwa na miaka miwili na nusu anahitaji kitu kingine. Anahitaji kustaajabu, na mtu hustaajabu vizuri zaidi katika lugha anayoiotea ndoto.

Pana jambo jingine zito zaidi, nalo lahusu upande wa giza wa neno hili. Mama na bibi zetu walikuwa na ndege mwingine waliyemhofia kwa ajili ya watoto wadogo. Mtoto akishikwa na homa kali, akakakamaa na kutupa macho, walisema ana degedege. Katika lahaja za kaskazini za pwani neno nyuni, ambalo washairi twalipenda kwa maana ya ndege, lilitumika pia kwa maradhi hayo hayo. Wengi waliamini kwamba kuna ndege, au pepo mwenye umbo la ndege, aliyepita juu ya mtoto. Ndiyo maana watoto wachanga waliingizwa ndani magharibi inapoingia. Leo twajua kwamba mara nyingi ni homa ya malaria au homa nyingine, na kwamba mtoto wa namna hiyo ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile. Lakini lugha haijasahau. Kwa vizazi vingi, mzazi wa Kiswahili alipotazama juu akiwa na mtoto mikononi, alitazama kwa hofu.

Ndipo nasema kwamba mtoto aliyekaa mabegani mwa babu yake akanyosha kidole juu akicheka, akaita "Ndege!", ametenda jambo kubwa katika historia ya neno hili. Amelitoa katika hofu. Je, washairi tumeliandika? Mila yetu ya kumtungia mtoto ni tukufu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi mwaka 1858; Shaaban Robert aliwatungia wanawe Hati na Adili. Lakini katika tungo hizo mtoto hukaa akasikiliza, na mzazi ndiye asemaye. Kwa walio wadogo zaidi tuna bembelezi, na kazi ya bembelezi ni kumlaza. Mtoto aliye macho, aulizaye, aonyeshaye kidole, tumempa nafasi ndogo mno katika ushairi wetu. Na nafasi tusiyoijaza sisi hujazwa na simu, kwa nyimbo za lugha nyingine zenye ndege za kuchora.

Haitaki ufundi mkubwa. Tunayo ngonjera, aliyoieneza Mathias Mnyampala, na umbo la kujibizana ndilo hasa umbo la mazungumzo ya babu na mjukuu. Naweka hapa beti mbili za mizani nane, si kwa kuzionyesha bali ili anayeweza kutunga vizuri zaidi aone jinsi kazi ilivyo nyepesi. Wa kwanza ni wa mtoto, na sikumsahihisha upatanisho. Wa pili ni wa mkubwa.

Ndege wangu anaruka,
Juu juu atafika,
Rafadha inazunguka,
Babu, naye atatua?

Ndege yetu itatua,
Upepo unaijua,
Rubani ameamua,
Lala, mwana, itafika.

Msomaji ataona kwamba mtoto ana wangu na a-, na babu ana yetu na i-. Kati ya beti hizo mbili ndimo mtoto anamokulia. Siku moja ataivuka nafasi hiyo, ataacha kusema kalala, na hakuna atakayemrudisha. Ndiyo maana nasihi tusimharakishe.

Basi ombi langu kwa malenga wa ukurasa huu ni dogo na lina mipaka. Mwenye mtoto, mjukuu au mpwa wa umri huo ampeleke siku moja panapoonekana ndege, iwe Unguja, Kipawa, Embakasi au Entebbe. Na kama uwanja uko mbali, hata paani pa nyumba patafaa, mradi mbingu ionekane. Achukue vitumbua vya kutosha, maana ndege huchelewa na mtoto hangoji. Amsemeshe Kiswahili siku nzima, pamoja na rubani, rafadha na kaskazi. Ayasikilize atakayoambiwa kabla ya kuyanyoosha. Kisha aandike ubeti mmoja ambao mtoto yule anaweza kuusema mwenyewe. Tukipata beti mia za namna hiyo, watoto wetu watakuwa na jambo la kuimba kwa Kiswahili wanapotazama juu.